X, LinkedIn au Threads: ipi inamfaa wakili anayeanza?

KijanaWaIlala
Wakuu habari zenu. Nimeapishwa, nimefungua kiofisi na mwenzangu mmoja, wateja bado wa kuokoteza. Kila mtu ananiambia nitwiti. Sasa kuna X, kuna Threads, kuna LinkedIn na muda wa zote sina, asubuhi nashinda mahakamani. Ipi inaleta kazi kweli? Na TLS, chama chetu cha mawakili, hawatanikalia kooni kwamba najitangaza?

mama_mirathi
Anza na hilo la mwisho mwanangu. Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zipo, zisome kabla hujaandika neno. Kuwaeleza watu nani anasimamia mirathi marehemu asipoacha wosia ni elimu. Ukiandika "wakili namba moja Dar, bei poa, njoo inboksi" hapo unatafuta kuitwa kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili.

Wakili_Pwani254
Huku Kenya mambo yalilegea kidogo, 2012 Mahakama Kuu ilisema kuwapiga mawakili marufuku kabisa kujitangaza kunapingana na katiba, zikaja kanuni za 2014, ila bado sio ruhusa ya kujisifu unavyotaka.

Mimi ni mtu wa X. Usitegemee mteja atoke pale moja kwa moja, wanaotoka pale ni mawakili wenzako. Nikichambua hukumu mpya kutoka Kenya Law, tovuti ya hukumu za huku, kwenye uzi wa posti tano sita hivi, anayenijibu ni wakili wa Kisumu, na siku akiletewa kesi ya shamba la Kilifi ananitupia mimi kwa sababu anajua naijua ardhi ya huku. Waandishi wa habari nao wako pale pale, wakitaka mtu wa kuwafafanulia jambo saa nne usiku wanakutafuta.

Shida ni mdomo. Wakili Ahmednasir Abdullahi si mnamjua, Januari 2024 Mahakama ya Juu ilikataa kumsikiliza yeye na ofisi yake kwa maneno aliyokuwa akiwarushia majaji mitandaoni na kwenye mahojiano. Yule ni jina kubwa, anastahimili. Wewe wa juzi je?

brela_na_mikataba
Mkuu wa Pwani umesema kweli ila umesahau huku bongo X ilifungiwa Mei 2025, na VPN za kuikwepa hiyo fungia nazo, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walishataka zisajiliwe tangu 2023. Utajengaje jina mahali ambapo mteja hakuoni? Kama kazi zako ni kusajili kampuni BRELA, mikataba, leseni, nenda LinkedIn. Inaboa, kila mtu "nina furaha kuwatangazia", lakini maafisa sheria wa mabenki na wageni wanaotafuta wakili wa hapa wako kule na wanasoma kimya kimya, hata laiki hawakupi, halafu siku moja unapigiwa simu.

dada_wa_Sinza
Threads mbona mnaipita? Herufi 500, X bila kulipia ni 280. Watu wa Insta wamejaa, maswali ni talaka, matunzo ya mtoto, mwenye nyumba kafunga mlango. Ila kulipa konsalti hawataki hahaa

mama_mirathi
Na hapo kwa dada ndipo pa kuogopa. Mtu anakuandikia kesi yake yote hadharani, jina la mume, kiwanja kiko wapi, na huyo mume anasoma. Au unamjibu vizuri kumbe mume ndiye mteja wako. Jibu kanuni ya jumla tu, yake binafsi aje ofisini, na kabla hajafungua mdomo muulize anagombana na nani.

KijanaWaIlala
Asanteni sana. Basi LinkedIn nitaandika mara moja kwa wiki, hukumu moja kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, kwa Kiswahili, X nitakuwa nasoma tu pale inapofunguka. @brela_na_mikataba kule unaandika Kiswahili au Kiingereza? Na picha lazima niwe na joho?

brela_na_mikataba
Vyote viwili, Kiswahili kinasomwa zaidi ya unavyodhani. Joho acha, suti inatosha