Kwa nini mtungi uliopoza maji Dodoma haupozi Tanga?

Muulizaji
Ndugu zangu, habari za leo. Mwezi Februari nilihamia Tanga kutoka Dodoma, nikaja na mtungi wa udongo wa lita 20 hivi ambao nyumbani tumeunywea maji kwa miaka mingi. Kule Dodoma, hasa wakati wa kiangazi, maji yake yalikuwa ya baridi kiasi kwamba mama hakuona haja ya friji. Hapa Tanga maji yanalala usiku kucha na asubuhi yana uvuguvugu uleule wa maji ya ndoo ya plastiki. Mtungi haujapata ufa. Kabla ya safari niliupaka tu rangi ya mafuta kwa nje ili upendeze sebuleni. Naomba anayeifahamu fizikia anieleze: ile baridi ilikuwa ikitoka wapi?

Mwalimu wa fizikia, sekondari
Ndugu yangu, tuseme kwanza kwamba hakuna baridi iliyoingia mtungini. Kilichotokea ni joto kuondoka. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji hupenya humo polepole hadi kwenye uso wa nje, ambako molekuli zenye mwendo wa kasi zaidi huchomoka na kuwa mvuke, zikiacha nyuma zile zenye nishati ndogo. Kila gramu moja inayogeuka mvuke huondoka na jouli 2,400 hivi, ilhali kuishusha lita moja ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi ni kuiondolea jouli 4,200. Kwa hiyo gramu 10, yaani vijiko viwili vya chai, zinatosha kuishusha lita nzima karibu nyuzi 6, iwapo joto lote limetoka kwenye maji hayo. Kwa kweli sehemu yake hutoka kwenye hewa inayouzunguka mtungi, lakini hata hivyo ni jambo la ajabu kwa chombo kisicho na waya wala injini.

Tatizo la Tanga ni hewa yake, ambayo imekwisha kubeba mvuke mwingi wa bahari, hivyo molekuli zinazorudi kwenye maji zinakaribia kulingana na zinazoondoka. Katika hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 35, mtungi mzuri unaweza kuyakaribisha maji kwenye nyuzi 18. Katika hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hayawezi kushuka chini ya nyuzi 27 hivi. Mwili wako umekwisha kuliona hilo: jasho la Dodoma hukauka kabla hujalifuta, la Tanga linakutiririka shingoni.

Mfinyanzi
Maelezo ya mwalimu ninayaafiki, ila hiyo rangi ya mafuta imenishtua. Mtungi ulio hai, ukiupitishia kiganja tumboni, unasikia ubichi. Wako nina hakika ni mkavu kama sahani, kwa sababu rangi imeziba kila kitundu ambacho maji yangepitia, na hata ukiurudisha Dodoma leo hautapoza. Ufunge mdomo vizuri vumbi lisiingie ndani, uikwangue rangi yote kwa msasa, kisha uoshe kwa maji matupu bila sabuni na uuloweke siku mbili. Baada ya hapo uutoe sebuleni, uuweke kivulini penye upepo, juu ya kigoda, ili hewa ipite hadi chini yake.

Muulizaji
Nawashukuru nyote. Niliupitishia kiganja na kweli ulikuwa mkavu kabisa. Nimekwangua nusu yake, nikauloweka, na sasa uko barazani upande unaopigwa na upepo wa bahari. Sehemu niliyokwangua imegeuka rangi ya udongo mbichi, wakati ile yenye rangi ya mafuta haina hata dalili ya unyevu. Leo alasiri kipimajoto kilisoma nyuzi 30 kwenye ndoo na 28 mtungini. Nusu iliyobaki nitaikwangua Jumamosi, kisha nitapima tena saa ileile.