Mnatuuzia milimita! Laptopu nyembamba, bei juu, matundu hakuna, RAM haiongezeki, betri imegandishwa kwa gundi

Wadau, habari za muda huu. Mods (wasimamizi wa jukwaa), naomba uzi huu msiuunganishe na zile za "ninunue laptopu gani". Hapa nalalamika, na nitaeleza kwa nini.

Nimechoka na hii biashara ya wembamba. Mashine inapunguzwa unene, matundu ya kuchomeka waya yanaondolewa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) inachomelewa kwenye bodi, betri inagundishwa, halafu bei inapanda juu. Ukiuliza kilichoongezeka, muuzaji anakugeuzia mashine ubavu uone ukingo wake. Mimi niliambiwa hivi: "Dada, hii unaitia hata kwenye bahasha."

Maneno hayo ya bahasha yana historia. Januari 2008, San Francisco, Steve Jobs wa Apple alitoa MacBook Air ya kwanza kwenye bahasha ya ofisini, watu wakashangilia. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.36 na tundu moja tu la USB. Haikuwa na sehemu ya CD wala ya waya wa mtandao, RAM yake GB 2 haikuongezeka, na bei yake ilianzia dola 1,799. Mwaka huohuo ilitoka ThinkPad X300, nayo nyepesi ya inchi 13, lakini ilikuwa na USB tatu, tundu la waya wa mtandao, sehemu ya DVD na betri ya kuchomoa kwa mkono. Ilikuwa nene kidogo na ghali zaidi. Kwa hiyo mvutano ulijulikana tangu mwanzo: wembamba, vitu vilivyomo na bei, ukivuta kimoja kingine kinalegea. Ninachokasirikia ni kwamba sisi wanunuzi hatuambiwi kilicholegezwa mpaka tumeshalipa.

Mimi niko Tanga mjini. Nafundisha vikundi vya kuweka na kukopa namna ya kutunza hesabu: leo Muheza, kesho Pangani, keshokutwa Mkinga. Begi langu lina projekta, waya na madaftari, na mara nyingi nimelipakata nyuma ya bodaboda. Uzito naujua kwa bega langu, na ndiyo maana nilitaka laptopu nyepesi. Lakini wepesi ni kitu kimoja na wembamba ni kitu kingine! LG Gram ya inchi 17 ya mwaka 2019 ilikuwa na kilo 1.34, pungufu ya ile ya bahasha yenye kioo cha inchi 13, na bado ina HDMI (tundu la kupeleka picha kwenye projekta au TV) na USB tatu za kawaida. Mwili wake ni wa aloi ya magnesi, na pesa yako inalipia hiyo aloi. Hapo nakubali kulipa, maana bega linapumzika. Milimita mbili zilizokatwa ukingoni zinampumzisha nani?

Na ukingo ndiko matundu yalikokuwa. HDMI ya kawaida inataka kimo cha kama milimita 4.5, USB ya zamani vilevile, wakati USB-C, ile mpya ndogo, haifiki milimita 3. Wakikata ukingo, hayo mengine yote yanakufa. Yangu ina USB-C mbili, zote upande mmoja, na moja inaliwa na chaja. Nilinunua adapta kwa elfu sabini. Siku ya mafunzo kwenye ofisi ya kata huko Muheza, akina mama wameacha mashamba yao wamekuja kuona hesabu za mwaka, projekta inawaka kibuluu tu, adapta imepata joto, picha inakuja sekunde mbili inakatika. Nikaandika mgao wa gawio kwa chaki kwenye mlango. Mashine ya shilingi milioni mbili na laki sita iko mezani, mimi naandika kwa chaki!

Joto nalo. Yangu haina feni. Msinijie na MacBook Air ya 2020 yenye prosesa (chipu kuu) ya M1, ile haina feni na inafanya kazi vizuri kwa sababu prosesa yake inakula umeme kidogo. Hizi nyingine wanachukua prosesa inayotoa joto, wanaiweka kwenye nafasi isiyo na pa kulitolea, ikipata moto inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Kwenye kiyoyozi dukani hutaligundua hilo. Njoo na mashine hiyo Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, umeme umekatika, dirisha liko wazi na upepo hakuna. Faili la hesabu linaganda, bati la juu ya kibodi huligusi mara mbili.

Nikaona niongeze RAM kutoka GB 8. Fundi mmoja wa Ngamiani akafungua mbele yangu, skrubu zenye vichwa vya nyota, akaweka kidole kwenye vipande vinne vyeusi kando ya prosesa: "Dada'angu, RAM ni hivi, vimechomelewa, hapa hakuna pa kuchomeka." Najua sababu ya kihandisi: RAM ya aina hiyo inaokoa umeme na nafasi. Sawa. Basi iwekeni GB 16 tangu kiwandani, maana mmetufungia mlango wa kuongeza. Hapohapo akanionyesha betri imevimba, ndiyo iliyokuwa inanyanyua padi ya kugusa upande mmoja hata ikagoma kubonyezeka. Imegandishwa kwa gundi mwili mzima. Waliouza wakataka laki nne na themanini kuibadilisha, na niache mashine Dar. Nifanye kazi na nini?

Wenye pesa kidogo ndio wanaoumia kuliko mimi. Kuna hizi nyembamba za bei poa wanazonunuliwa vijana wanaokwenda chuo: RAM GB 4, hifadhi ya eMMC (chipu ya kuhifadhia iliyochomelewa kwenye bodi) GB 64, vyote havibadilishiki. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali. Sasisho kubwa likija nafasi imekwisha. Kwa pesa hiyohiyo kijana angepata ThinkPad au Latitude iliyotumika, nene, ya kufungua kwa bisibisi ya kawaida, akaongeza RAM taratibu akipata hela. Ila ile nene haipendezi kwenye picha, basi haiwekwi mbele ya duka.

Na msiniambie teknolojia hairudi nyuma. Apple walitengeneza kibodi nyembamba kuanzia 2015, vumbi kidogo herufi inagoma, watu wakashitaki, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50. Kibodi hiyo wameshaiacha. MacBook Pro za 2021 zikarudishiwa HDMI na tundu la kadi ya SD, ile ya inchi 16 ikanenepa kidogo, na zikanunuliwa. Ulaya wameshatunga kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa kama hivi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Sisi huku tunaletewa zipi?

Wauzaji wa Tanga mnaopita humu, semeni hadharani. Nataka mashine isiyozidi kilo 1.4, yenye HDMI ya kweli, USB ya kawaida angalau moja, RAM ya kuchomeka na betri ya skrubu. Unene wowote. Mwenye nayo aweke picha ya chini ikiwa imefunguliwa, na bei. Picha za ukingo msinitumie.