Mrejesho: lile tairi lililotoa nundu, mchawi ni kona

Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini tairi la nyuma kulia la gari langu la umeme limetoa nundu ilhali sijagonga kitu. Wengi mlisema shimo. Wawili walisema ukingo wa barabara, yaani ule wa saruji ulioinuka pembeni, na hao ndio waliopatia.

Fundi hapa Houston alipitisha kidole ubavuni mwa tairi: mkwaruzo mweupe wa saruji, na rimu imemenyeka rangi. Akasema nyuzi za ndani zimekatika, hewa inasukuma raba. Ubavu hauzibwi kama pancha, tairi linatupwa. Dhamana yangu haigusi mambo ya barabarani, kwa hiyo nimelipa mwenyewe. Imeniuma.

Ili kuhakikisha, Jumamosi nikapita kona moja ya kulia karibu na nyumbani, gari likijiendesha lenyewe, mke wangu kasimama pembeni anarekodi. Tairi la mbele likapita vizuri kabisa. La nyuma, ambalo siku zote hukata kona kwa ndani zaidi, likapanda ukingo kiduchu kisha likashuka. Ndani sikusikia kitu! Redio ilikuwa juu, nakiri.

Sasa kona za kulia zilizobana nashika usukani mwenyewe. Rimu za inchi 21 nauza, nashuka 19, nipate tairi lenye ubavu mrefu kidogo. Na yule aliyeniambia gari lina kamera haliwezi kugusa ukingo, video ninayo, karibu chai tuiangalie.