Prince Valiant au Terry and the Pirates: niagize kipi?

Kalamu_Kavu: Wakuu, salaam. Nataka kuagiza kitabu kimoja cha katuni za zamani za magazeti ya Marekani. Nimebaki na viwili: Prince Valiant ya Hal Foster au Terry and the Pirates ya Milton Caniff. Nichukue kipi?

MzeeWaMagazeti: Juzuu ya ngapi? Bajeti? Unataka hadithi au unajifunza kuchora?

BintiTanga: Foster. Ilianza 1937 kama ukurasa mzima wa Jumapili, wa rangi, hakuna viputo vya maneno vya kuziba picha. Angalia tu anavyochora ngome na mawimbi.

Wino_Mweusi: Picha sawa, ila hadithi inajikokota. Caniff alikuwa na fremu chache kwa siku, na bado unaitamani kesho. Raven Sherman, mhusika wake mmoja, alipokufa Oktoba 1941, wasomaji waliomboleza kweli. Na Terry anaanza mtoto, anakua hadi rubani wa vita.

BintiTanga: Na Connie je? Mchina kachorwa meno nje, masikio makubwa, anaongea Kiingereza cha kuchekesha watu. Wanangu siwapi.

Wino_Mweusi: Connie hata mimi ananiudhi, sitamtetea. Lakini Dragon Lady, yule malkia wa maharamia humo ndani, anawazidi akili wanaume karibu wote.

MzeeWaMagazeti: Chochote utakachochukua, ulizia chapa. Mimi niliuziwa Terry mtandaoni kwa bei ya kutupa. Kufungua, kurasa zimenakiliwa kutoka magazeti yaliyochakaa: wino umevimba, eneo la usiku bandarini limekuwa doa jeusi, huoni meli wala mtu. Fremu za mwisho zimekatwa ukingoni, sentensi haziishi. Muuzaji nikamwandikia, kimya hadi leo. Ombeni picha ya ukurasa wa ndani kabla ya kutuma hela.

Kalamu_Kavu: Asante mzee. Najifunza kuchora kwa brashi. Nilifikiria juzuu ya kwanza. Bajeti laki na nusu, usafiri humo humo.

Wino_Mweusi: Basi Caniff, ila ruka ya kwanza! Mwaka 1934 mistari yake bado myembamba. Vile vivuli vizito alivipata kwa Noel Sickles, mchoraji wa katuni ya Scorchy Smith, walikuwa wakichora studio moja.

BintiTanga: Kama mwalimu ni Sickles, si anunue Scorchy Smith yenyewe?

Wino_Mweusi: Sickles aliiacha mapema mno. Caniff aliendelea na Terry hadi 1946.

MzeeWaMagazeti: Na Alex Raymond, mchoraji wa Flash Gordon, mnamwacha wapi? Mtu wa brashi hawezi kuipita katuni hiyo.

BintiTanga: Raymond hadithi hana, mzee. Tuanzie hapo.