Tupeane uzoefu: kutibu mpasuko wa njia ya haja kubwa bila kisu

Wadau, mpasuko si bawasiri. Bawasiri ya ndani mara nyingi hutoa damu bila maumivu. Mpasuko unakata kama wembe choo kinapopita, kisha unawaka hata saa kadhaa. Mnaohudumia wagonjwa hawa, leteni yanayofanya kazi.

Muuguzi: Beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyochoma kiwiko. Kaa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na kila baada ya haja. Usitie sabuni wala dawa ya kuua vijidudu, vinaunguza kidonda. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Joto linalegeza msuli wa ndani unaobana tundu la haja. Msuli ukikaza, damu haifiki vizuri kwenye kidonda, ndiyo maana hakifungi.

Mfamasia: Choo kilainike kwanza. Kwa mtu mzima, laktulosi mililita 15 mara mbili kwa siku. Huchukua siku mbili hivi kuanza kazi, msikate tamaa. Isabgol (unga wa maganda ya mbegu wenye nyuzinyuzi) nayo nzuri, ila kwa glasi nzima ya maji, la sivyo inaziba. Kisha, kwa cheti cha daktari, krimu ya diltiazemu 2%, ya kulegeza msuli huo: kiasi cha punje ya mbaazi kwenye ukingo wa tundu, asubuhi na jioni, wiki 6 hadi 8. Ya gliserili trinitreti pia inasaidia, ila huumiza kichwa, na ni mwiko kwa anayetumia sildenafili (Viagra). Wengi huacha dawa mara maumivu yanapopungua, kidonda kingali kibichi, kinachanika upya.

Muuguzi: Na tramadoli na kodeini zinafunga choo! Atumie parasetamoli.

Mtu wa lishe: Dona badala ya sembe, maharage, mchicha, papai. Lengo gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Ongeza polepole, tumbo lisijae gesi. Haja ikija, nenda. Kuibana kwa kuogopa maumivu ndiko kunakokausha choo. Kwenye choo cha kukalia, weka kigoda miguuni, magoti yapite nyonga.

Daktari: Mpasuko wa kawaida huwa katikati, mara nyingi upande wa nyuma. Ukiwa ubavuni, au ikiwa mingi, tunatafuta kifua kikuu, VVU, kaswende, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), hata saratani. Homa na uvimbe unaodunda ni jipu: hospitali siku hiyohiyo. Wiki 8 zikipita bila nafuu, ipo sindano ya botulinamu ya kulegeza msuli kabla ya kufikiria upasuaji.