Laptopu inalala kwa jina tu, usiku mmoja chaji yote kwisha

fundi_wa_jioni:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada nimechoka. Laptopu yangu ina Ubuntu peke yake, Windows nilishafuta, kila kitu kinaenda fresh ila kulala ndo tatizo. Nikifunika, taa inapepesa kama kawaida najua imelala, naitia kwenye begi, kuja kuitoa ni ya moto kama pasi na chaji imeshuka vibaya mno, ikilala hivyo usiku mzima ndo asubuhi naikuta imezima kabisa. Betri sio mbovu maana nikiwa naitumia inakaa vizuri tu. Nimeweka TLP (programu ya kubana chaji) hakuna kilichobadilika. Shida ni nini?

keneli_mzee:
TLP achana nayo kwanza mkuu, kazi yake kubwa ni kupunguza matumizi mashine ikiwa macho, na kama ina power-profiles-daemon, nayo ya kupangilia umeme, zitagombana hizo, bakiza moja. Wewe fungua terminali andika:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Utuwekee jibu hapa. Kilicho kwenye mabano ndo usingizi unaotumika sasa hivi. deep ni ule wa zamani, karibu kila kitu kinakatwa umeme isipokuwa RAM. s2idle ni prosesa kusinzia tu, kifaa kimoja kikikataa kutulia basi moto juu.

mchovu_wa_apudeti:
Rudi Windows kaka 😂

keneli_mzee:
@mchovu_wa_apudeti huko nako kuna Modern Standby, ni usingizi wa namna hii hii, na begi zinapata joto vile vile.

fundi_wa_jioni:
Imeleta `[s2idle]` tu, deep haipo. Kuna mtu kaniambia niweke mem_sleep_default=deep kwenye GRUB (ile inayowasha Ubuntu), niweke?

bi_terminali:
Haitasaidia, kama deep haipo kwenye hiyo listi maana yake baiosi yenyewe (programu ya ndani inayoamsha mashine) haitoi. Ingia kwenye baiosi utafute Sleep State, laptopu nyingine zinakupa uchague, nyingi hazina. Kama haipo basi tumsake anayeizuia isilale. Prosesa ni Intel? Kabla hujailaza soma hii:

`sudo cat /sys/kernel/debug/pmc_core/slp_s0_residency_usec`

Ilaze dakika kadhaa, iamshe, soma tena. Namba ikiwa ile ile, haikufika kwenye usingizi mzito hata kidogo. Chomoa kila kilichochomekwa, risiva ya mausi, flashi, kadi ya memori, halafu rudia kupima, usichomoe na kubadilisha setingi kwa mpigo maana hutajua kipi kimeponya.

fundi_wa_jioni:
Intel ndio. Mwanzo ilikuwa 0 ikabaki 0, nikatoa risiva bado 0, nikatoa kadi ya memori ambayo hata nilishasahau kama imo humo, namba ikapanda hatari!! Na ilipoamka ilikuwa baridi kabisa. Sasa kwa usiku mzima itahimili?

bi_terminali:
Safi sana. Itaendelea kula kidogo kidogo, s2idle ndivyo ilivyo. Kwa usiku tumia suspend-then-hibernate, inalala kwanza, muda ukipita inahamishia kila kitu kwenye diski na kuzima kabisa. Kwenye /etc/systemd/logind.conf weka `HandleLidSwitch=suspend-then-hibernate`, kwenye sleep.conf weka `HibernateDelaySec=60min`. Ila swapu (nafasi ya diski inayopokea vya RAM) iwe inatosha kubeba kilichomo kwenye RAM, ile faili ya swapu ya Ubuntu mara nyingi ni ndogo, na ukitumia faili badala ya patisheni keneli (kiini cha Ubuntu) itataka uiambie resume= na resume_offset=, yaani swapu iko wapi. Ukishaweka, jaribu kwanza `sudo systemctl hibernate` ukiwa umesevu kazi zako.

keneli_mzee:
Naongezea, Secure Boot (ulinzi wa baiosi unaokubali programu zilizosainiwa tu kuwasha mashine) ikiwa imewashwa keneli ya Ubuntu inakataa kabisa kuhibaneti, watu wengi wanahangaika na swapu kumbe tatizo liko hapo. Na ukimaliza kuhariri logind.conf iwashe upya mashine nzima, ukiristati systemd-logind peke yake unaweza kutolewa nje na kila ulichofungua.

fundi_wa_jioni:
Secure Boot kweli iko ON. Naizima nianze na swapu, shukrani wakuu.