Wakuu, mionzi pekee inaweza kuzibua njia ya mkojo?

Silali_Usiku: Wakuu heshima kwenu. Mzee wangu ana saratani ya kibofu, uvimbe umebana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mionzi pekee itazibua? Aliyepitia anisaidie.

Tumbiri: Pole mkuu. Alikuwa anavuta? Sigara ndiyo inaongoza kuleta saratani ya kibofu. Wavutaji wa humu mpo?

Bibie_Asali: Mungu amponye. Mama yangu alipigwa mionzi ya shingo ya kizazi, leo mzima. Ila kuharisha kule! Nilifua mashuka mpaka nikakoma.

Nesi_Mstaafu: Figo moja au zote? Kreatinini, ule uchafu unaopanda kwenye damu figo zikishindwa, ngapi?

Silali_Usiku: Zote. 640. Ila mkojo kidogo unatoka.

Nesi_Mstaafu: Kwa 640 lazima daktari alisema kitu kabla ya mionzi. Alisemaje?

Silali_Usiku: Walijaribu kupitisha stenti, kijibomba cha kuachia mrija, kwa chini kupitia kibofu, uvimbe umefunika tundu. Wakataka kumtoboa mgongoni, waweke mpira kwenye figo, mkojo uingie kwenye mfuko. Nimekataa, nimesaini. Mzee ni mtu wa heshima zake, atembee na mfuko? Bora mionzi.

Nesi_Mstaafu: Mionzi si waya wa kuzibulia bomba, mwanangu. Uvimbe unasinyaa kwa wiki kadhaa, na mwanzoni unaweza kuvimba zaidi. Kwa wagonjwa wa hivi mara nyingi inatolewa kukausha damu kwenye mkojo na kupunguza maumivu, dozi fupi kama jumla ya grei 21 (grei ni kipimo cha mionzi) zikigawanywa mara 3. Kuzibua mirija ni bahati. Huku figo zikishindwa, potasiamu ikipanda kwenye damu, moyo unaweza kusimama ghafla.

Mpekuzi: Chai hii. Mwaka jana ulifungua uzi wa mirathi, ukasema baba ni marehemu. Amefufuka lini?

Tumbiri: 😂😂 Mimi nishakaa na vitafunwa.

Silali_Usiku: Huyu ni baba mdogo, ndiye aliyenilea. Kama huamini pita kushoto.

Nesi_Mstaafu: Mpekuzi tulia. Mzee mwenyewe kasemaje kuhusu mpira?

Silali_Usiku: Hajaulizwa. Hajui hata kama ni saratani, tumemwambia maambukizi. Tunamkinga na presha.

Bibie_Asali: Weeh!

Nesi_Mstaafu: Akili zake timamu?

Silali_Usiku: Timamu kuliko zangu.

Nesi_Mstaafu: Basi saini si yako. Wapo wanaokataa mpira wakijua mwisho wake, nami nimewaheshimu. Mrudisheni leo, daktari amweleze yote, achague. Uliyosaini si kufuli, inabadilishwa.

Mpekuzi: Chai au si chai, mpeleke.